Franklin Roosevelt: Polio ilimlemaza, presha ikamuua kimyakimya

Alhamisi tarehe 12 Aprili 1945, mchana wa saa saba, Rais wa Marekani alikuwa ameketi ndani ya nyumba ndogo huko Warm Springs, katika jimbo la Georgia. Mbele yake alikuwepo mama mmoja mchoraji aliyekuwa akimchora picha. Karatasi za kazi zilikuwa mezani na chakula cha mchana kilikuwa kinaandaliwa. Ghafla Rais akashika kichwa, akalalamika kwamba kisogo kinamuuma sana, kisha akalegea pale kitini na kupoteza fahamu.

Daktari alifika baada ya muda mfupi. Alipomfunga mkanda wa kupimia presha, namba ya juu ilikuwa imepita 300 na ya chini ilikuwa 190. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka ndani ya ubongo. Saa 9 na dakika 35 alasiri, Franklin Delano Roosevelt alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 63.

Dunia ilishtuka. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inakaribia kumalizika barani Ulaya, na huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa taifa lenye nguvu kuliko yote upande wa washirika. Daktari wake mkuu aliwaambia waandishi wa habari kwamba kifo hicho hakikutarajiwa. Lakini katika jalada la mgonjwa mambo yalikuwa tofauti. Kwa miaka minane namba za presha yake zilikuwa juu, na kwa ujumla zilikuwa zikizidi kupanda.

Watu wengi wanamkumbuka Roosevelt kama rais aliyepooza miguu. Ni kweli. Ila aliishi na maradhi mawili. La kwanza lililetwa na kirusi, likaonekana kwa macho, na taifa zima likachanga fedha kulipiga vita. La pili halikuonekana wala halikumuuma kwa miaka mingi, na ndilo lililomuua. Hii ni habari ya maisha yake na ya maradhi hayo mawili.

Mtoto wa familia tajiri

Franklin Roosevelt alizaliwa tarehe 30 Januari 1882 huko Hyde Park, kando ya mto Hudson katika jimbo la New York. Baba yake, James, alikuwa tajiri mwenye mashamba na hisa katika kampuni za reli. Mama yake, Sara, alimzaa mtoto huyo mmoja tu, na alimlea kwa karibu sana.

Baba alikuwa na ugonjwa wa moyo. Franklin alikua akimwona mzee wake akiishi kwa tahadhari, na mwaka 1900, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard, alimpoteza. Siku hizi mhudumu wa afya akisikia kwamba baba wa mgonjwa alifariki kwa maradhi ya moyo, huandika jambo hilo kwenye kadi, kwa sababu maradhi haya mara nyingine hufuata ukoo. Wakati ule hakuna aliyelitilia maanani kwa kijana mwenye afya tele.

Mwaka 1905 alimwoa Eleanor, ndugu yake wa mbali. Walipata watoto sita, mmoja akafariki akiwa mchanga. Franklin aliingia kwenye siasa mwaka 1910 kwa kuchaguliwa kuwa seneta katika jimbo la New York. Kuanzia mwaka 1913 alikuwa naibu waziri katika wizara iliyosimamia jeshi la majini. Mwaka 1920 chama cha Democratic kilimteua kugombea umakamu wa rais. Walishindwa, lakini jina lake lilikuwa limeshasikika nchi nzima. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, mpenda kuogelea na kusafiri kwa mashua. Pia alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara.

Siku tatu za Agosti 1921

Mwezi Agosti mwaka 1921 alikwenda kupumzika na familia yake kwenye kisiwa cha Campobello, nchini Kanada. Tarehe 10 alishinda nje na watoto. Walisafiri kwa mashua, wakauona moto wa porini wakaenda kuuzima, wakakimbia, wakaogelea kwenye maji ya baridi. Aliporudi nyumbani alikaa na nguo mbichi akisoma barua. Jioni akahisi baridi na uchovu, akaenda kulala mapema.

Asubuhi yake mguu mmoja ulikuwa hauna nguvu. Baadaye na wa pili ukalegea. Kufikia tarehe 12 hakuweza kusimama. Alikuwa na homa, na mwili ulimuuma kiasi kwamba hata shuka ilikuwa mzigo.

Daktari wa kwanza alidhani ni mafua makali. Wa pili, bingwa mwenye sifa, alidhani damu imeganda kwenye uti wa mgongo, akaagiza miguu ichuliwe kwa nguvu. Kuchua huko kulimzidishia maumivu. Ilipita karibu wiki mbili kabla mtaalamu kutoka Boston kufika na kutamka kwamba ni polio. Roosevelt alikuwa na miaka 39.

Polio husababishwa na kirusi kinachoingia kwa mdomo, mara nyingi kupitia maji, chakula au mikono iliyochafuliwa na kinyesi. Hukaa na kuzaliana kwenye utumbo. Wengi wanaoambukizwa hawapooziki, na wengi wao hata hawajui kama wameugua. Lakini kwa wachache, takriban mmoja kati ya 200, kirusi hufika kwenye neva zinazoendesha misuli na kuziua. Msuli usio na neva hauwezi kufanya kazi. Baadhi ya waliopooza hufa, kwa sababu misuli ya kuvuta pumzi nayo husimama. Inadhaniwa kwamba Roosevelt aliambukizwa mwishoni mwa Julai, alipotembelea kambi ya vijana wa skauti karibu na New York.

Mwaka 2003 baadhi ya watafiti walipendekeza kwamba huenda haikuwa polio bali ugonjwa mwingine, ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia neva, mara nyingi baada ya maambukizi. Wengine wamepinga na kusema dalili zake zinalingana na polio. Yeye mwenyewe, madaktari wake na taifa lake waliichukulia kuwa polio, na kila alichokifanya baadaye kilitokana na hilo.

Kujifunza kutembea upya

Mama yake alitaka arudi Hyde Park, aachane na siasa na aishi kama mgonjwa. Eleanor na mshauri wake Louis Howe walipinga. Waliona kwamba kumfungia ndani kungemmaliza haraka kuliko ugonjwa wenyewe.

Akaanza mazoezi. Alifungwa vyuma kuanzia nyongani hadi kwenye nyayo ili magoti yasikunjike. Alijenga kifua na mikono mpaka ikawa na nguvu kuliko ya watu wengi wazima. Alisimama kwa magongo, akaanguka, akainuliwa, akasimama tena. Mwaka 1924 alipanda jukwaani kwenye mkutano mkuu wa chama chake mjini New York kumpendekeza mgombea urais. Hatua zile chache mpaka kwenye kipaza sauti, huku akitokwa na jasho, ndizo zilizomrudisha kwenye siasa.

Mwaka huohuo alisikia habari za chemchemi ya maji ya uvuguvugu huko Warm Springs. Ndani ya maji mwili huwa mwepesi, na miguu iliyokufa inaweza kusogezwa bila kubeba uzito. Hakupona, lakini alipata ahueni. Mwaka 1926 alilinunua eneo lile kwa sehemu kubwa ya mali yake, na mwaka uliofuata akaunda taasisi ya kuwahudumia wagonjwa wa polio. Watoto na watu wazima waliopooza walikuja kutoka majimbo mbalimbali. Alikula nao, akaogelea nao, akawafundisha mazoezi.

Mwaka 1928 alichaguliwa kuwa gavana wa New York. Mwaka 1932, nchi ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi na mamilioni ya watu wakiwa hawana kazi, alichaguliwa kuwa rais. Angechaguliwa tena mwaka 1936, 1940 na 1944. Hakuna rais mwingine wa Marekani aliyechaguliwa mara nne.

Wamarekani walijua kwamba aliwahi kuugua polio. Wengi hawakujua kwamba hawezi kutembea. Alifanya mazoezi ya kupiga hatua chache huku ameshika mkono wa mwanawe au msaidizi, na wapiga picha kwa kawaida hawakumpiga akiwa kwenye kiti cha magurudumu au akiwa amebebwa. Aliona kwamba wapiga kura wangemwonea huruma badala ya kumwamini. Tabia hiyo ya kuficha udhaifu wa mwili ilimsaidia kushika madaraka. Baadaye ilikuja kumgharimu.

Senti kumi kumi zilizozaa chanjo

Kuanzia mwaka 1934, siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 30 Januari, ikawa siku ya dansi na sherehe nchi nzima za kuchangisha fedha za wagonjwa wa polio. Mwaka 1938 aliunda taasisi ya kitaifa ya kupambana na ugonjwa huo. Msanii mmoja maarufu alitumia redio kuwaomba wananchi wamtumie Rais sarafu ya senti 10 kila mmoja. Barua zilifurika Ikulu. Zaidi ya sarafu milioni 2 zilifika, nyingine zikiwa zimegandishwa kwenye kadi na watoto wa shule.

Fedha za kampeni hiyo ziliendelea kukusanywa mwaka baada ya mwaka. Zililipia matibabu, mashine za kusaidia kupumua na, zaidi ya yote, utafiti. Mwaka 1954 chanjo ya Dakta Jonas Salk ilijaribiwa katika zoezi lililowahusisha watoto wapatao milioni 1.8. Matokeo yalitangazwa tarehe 12 Aprili 1955, miaka kumi kamili tangu Roosevelt afariki. Chanjo ilikuwa inafanya kazi. Taasisi hiyohiyo ilisaidia pia kazi ya Dakta Albert Sabin, aliyetengeneza chanjo ya kumeza.

Msikilizaji, matone mawili ambayo watoto wetu hudondoshewa mdomoni kliniki, au na wahudumu wanaopita nyumba kwa nyumba, yalitokana na kazi hiyo ya Sabin. Mwezi Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa limeondokana na kirusi cha polio cha asili. Mwaka 2022 kirusi kilichotoka nje ya bara kiligunduliwa Malawi, na ndiyo maana Tanzania na nchi nyingine jirani zilifanya tena kampeni za matone.

Adui ambaye hakutazamwa

Sasa turudi kwenye lile jalada.

Presha ni nguvu ambayo damu inasukuma kuta za mishipa. Huandikwa kwa namba mbili. Ya juu ni wakati moyo unapobana na kusukuma, ya chini ni wakati unapolegea. Kwa mtu mzima, presha ikifika 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, huhesabiwa kuwa ni ugonjwa.

Mwaka 1935 presha ya Roosevelt ilikuwa 136/78. Mwaka 1937 ilikuwa 162/98. Mwaka 1940 ilikuwa 178/88. Mwanzoni mwa mwaka 1941, kabla Marekani haijaingia vitani, ilikuwa 188/105.

Kwa vipimo vya leo, kuanzia mwaka 1937 alikuwa mgonjwa anayehitaji dawa. Hakupewa tiba yoyote ya maana. Daktari wake mkuu, Ross McIntire, alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo, na alichaguliwa kwa sababu Rais alisumbuliwa na mafua ya mara kwa mara. Lakini si haki kumlaumu yeye peke yake. Madaktari wengi wa wakati ule waliamini kwamba presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka na kwamba mwili unaihitaji ili damu ifike kila mahali. Wengine waliogopa kwamba kuishusha kungemdhuru mgonjwa. Isitoshe, dawa nzuri za kuishusha hazikuwepo. Ajabu ni kwamba kampuni za bima ya maisha zilikuwa zimeshaona katika hesabu zao kuwa wateja wenye presha ya juu hufa mapema. Hospitalini, ujuzi huo haukubadili mambo mengi.

Roosevelt mwenyewe hakujisikia mgonjwa. Hapo ndipo penye hatari ya presha. Polio ilimwangusha ndani ya siku tatu na kila mtu akaona. Presha ilikaa naye zaidi ya miaka saba bila kumpa maumivu yoyote, huku ikiuchosha moyo, ikiharibu figo na kuidhoofisha mishipa. Na kila siku aliongeza sigara, ishirini au zaidi.

Mafua yaliyofungua mlango

Mwishoni mwa Novemba 1943 alisafiri hadi Tehran, nchini Iran, kukutana na Winston Churchill wa Uingereza na Joseph Stalin wa Urusi. Aliporudi nyumbani mwezi Desemba alishikwa na mafua makali ya virusi. Homa iliondoka, lakini nguvu hazikurudi. Wiki zikapita. Alikohoa, alisinzia akiwa kazini, midomo na kucha zilikuwa na rangi ya samawati, na usiku alishindwa kulala chali kwa sababu ya kukosa pumzi.

Binti yake, Anna, aliona kwamba hali si ya kawaida, akasisitiza baba apimwe. Mwishoni mwa Machi 1944 alipelekwa katika hospitali ya jeshi la majini huko Bethesda. Aliyempima alikuwa kijana bingwa wa moyo, Dakta Howard Bruenn. Bruenn alikuta moyo umetanuka, maji yamejaa kwenye mapafu, na presha ni 186/108. Moyo wa Rais wa Marekani ulikuwa unashindwa kusukuma damu, na mbele yake kulikuwa na mwaka mzima wa vita.

Mafua yale hayakusababisha presha. Ilikuwepo tangu zamani. Lakini mwili wenye moyo uliochoka unapopata maambukizi ya virusi, mzigo huzidi. Homa huulazimisha moyo kupiga haraka. Mapafu yaliyovimba huleta hewa kidogo. Mapambano ya kinga ya mwili huifanya damu iwe rahisi kuganda na kuta za mishipa kuwa dhaifu. Leo utafiti umepima jambo hili. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba katika siku saba baada ya mtu kupimwa na kukutwa na homa ya mafua, uwezekano wa kupata shambulio la moyo huongezeka takriban mara sita. Wakati wa janga la UVIKO-19 tuliona sura hiyohiyo: wenye presha, kisukari na maradhi ya moyo ndio walioelemewa zaidi, na kwa baadhi ya wagonjwa kirusi hicho kiligandisha damu au kuuvimbisha moyo.

Siri ya miezi kumi na miwili

Bruenn alipendekeza digitalisi, dawa ya kale ya moyo itokanayo na mmea. Aliagiza pia chumvi ipunguzwe kwenye chakula, sigara zipunguzwe, Rais apungue uzito, alale akiwa ameinuliwa kichwa na apumzike zaidi. Mwanzoni wakubwa wake walisita, kisha wakakubali. Ndani ya siku chache maji kwenye mapafu yakapungua na kikohozi kikatulia. Mwezi Aprili Rais alikwenda kupumzika karibu mwezi mzima kwenye shamba la rafiki yake huko South Carolina.

Lakini presha haikushuka. Katika mwaka 1944 kuna siku ilipimwa na kukutwa imepita 220, na siku nyingine imepita hata 240.

Bruenn alikatazwa kumweleza mtu yeyote alichokiona. Rais naye hakuuliza. Alimeza vidonge alivyopewa, akakubali mkanda kufungwa mkononi karibu kila siku, lakini hakutaka kujua dawa ni za nini wala namba zinasema nini. McIntire aliwaambia wananchi kwamba Rais yu mzima kwa mtu wa umri wake. Mwezi Novemba 1944 wananchi walimchagua kwa mara ya nne bila kujua kwamba wanamchagua mtu ambaye moyo wake unashindwa kufanya kazi.

Mwezi Februari 1945 alisafiri hadi Yalta kujadili na Churchill na Stalin jinsi dunia itakavyokuwa baada ya vita. Waliomwona walishtushwa na wembamba wake. Tarehe 1 Machi alilihutubia Bunge la Marekani akiwa amekaa, akaomba radhi kwa sababu ya uzito wa vyuma miguuni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvitaja vyuma hivyo mbele ya Bunge. Presha hakuitaja.

Wiki sita baadaye ikafika ile Alhamisi ya Warm Springs. Makamu wake, Harry Truman, alikuwa ameshika wadhifa huo kwa siku 82 tu. Hakuwa ameelezwa kwa kina hata kuhusu bomu la atomiki lililokuwa likitengenezwa kwa siri. Kwa kuwa ugonjwa ulifichwa, mrithi hakuandaliwa. Baada ya mazishi, jalada la vipimo vya Rais lilitoweka hospitalini na halikupatikana tena. Tunazijua namba hizi kwa sababu Bruenn alizichapisha mwaka 1970, miaka 25 baadaye, katika jarida la kitabibu.

Mji mdogo ulioifunza dunia

Kifo cha Roosevelt hakikuwa sababu pekee, lakini kiliwakumbusha Wamarekani kwamba maradhi ya moyo na kiharusi yanaua kuliko maradhi mengine, na kwamba hakuna anayeyaelewa. Mwezi Juni 1948 Truman alitia saini sheria iliyoanzisha taasisi ya taifa ya utafiti wa moyo. Mwaka huohuo utafiti ulianza katika mji mdogo wa Framingham, karibu na Boston.

Njia yao ilikuwa rahisi lakini ilihitaji subira. Watu 5,209, wanaume kwa wanawake, walikubali kupimwa kila baada ya miaka miwili. Walipimwa presha, damu na moyo, wakaulizwa wanavuta sigara au la. Kisha watafiti wakasubiri waone nani ataugua na nani hataugua, halafu wakarudi kutazama namba zake za zamani.

Majibu yalianza kutoka kuanzia mwaka 1957. Waliokuwa na presha ya juu walipata maradhi ya moyo zaidi. Vivyo hivyo waliokuwa na lehemu nyingi kwenye damu, na wavutaji wa sigara. Baadaye ikathibitika kwamba presha ni mlango mkuu wa kiharusi. Kutokana na utafiti huo yakaenea maneno ambayo kila mhudumu wa afya huyatumia leo: vihatarishi vya maradhi ya moyo. Ile imani kwamba presha ya mzee ni ya kawaida na haina madhara ikaporomoka. Watoto na wajukuu wa watu wale wa Framingham nao wamejiunga na utafiti, na bado unaendelea.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 zilipatikana dawa za kupunguza maji na chumvi mwilini ambazo zilishusha presha vizuri. Mwaka 1967 utafiti uliofanywa kwa askari wastaafu wa Marekani ulithibitisha kwamba wenye presha kali wakitibiwa hupata viharusi vichache na hufa kidogo. Dawa za aina hiyo hutumika hadi leo na bei yake si kubwa. Roosevelt alikuwa na madaktari wa jeshi zima, lakini hakuwa na kidonge hicho.

Namba yako ni ngapi?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo. Wanalima, wanachunga, wanafanya biashara na hawasikii maumivu, kama Roosevelt mwaka 1937. Njia ya kujua ni kupima, kazi ya dakika chache. Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, mwenye mzazi aliyewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo, anayevuta sigara, mwenye kisukari, au mjamzito, asisubiri mpaka aumwe. Akienda zahanati kwa jambo lolote, aombe apimwe, na aiandike namba yake.

Aliyeandikiwa dawa asiache kwa kuwa anajisikia mzima. Mara nyingi anajisikia mzima, na presha imeshuka, kwa sababu ya dawa. Na mwenye presha au ugonjwa wa moyo akipata mafua makali, akakosa pumzi, akabanwa na kifua au akavimba miguu, asiseme ni mafua tu. Awahi kituo cha afya. Vilevile, mdomo ukipinda ghafla, mkono ukalegea au maneno yakapotea, hicho ni kiharusi na kila dakika ina thamani.

Mwaka 1946 Marekani ilitoa sarafu mpya ya senti 10 yenye sura ya Roosevelt. Ilichaguliwa sarafu hiyo kwa sababu ndiyo ambayo watoto waliichangia ili polio ipate chanjo. Kwa ugonjwa uliomuua hapakuwa na mchango wala kampeni enzi za uhai wake. Palikuwa na namba tu, zilizopimwa, zikaandikwa, kisha jalada likafungwa.